Mtoto wangu wa miaka 4 atapewa dawa ya usingizi ili apigwe MRI. Nimwandae vipi?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Morogoro. Mtoto wangu wa pili ni wa kiume na ana umri wa miaka 4. Tangu mwaka jana amekuwa akipatwa na degedege hata pale ambapo hana homa, na daktari wa watoto alimwanzishia dawa ya fenobabitoni, kisha akatuandikia rufaa ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam ili apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Tumeelezwa kwamba kwa umri wake hawezi kutulia ndani ya mashine hiyo, kwa hiyo atapewa dawa ya usingizi. Miadi ni Jumatano ya wiki ijayo, saa 4 asubuhi, na karatasi tuliyopewa imeandikwa tu kwamba asile chochote kuanzia saa 6 usiku.

Hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anataka tumwambie mtoto kwamba tunakwenda kuona bahari, ili asianze kulia kabla ya wakati. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema ni dhambi kumshindisha mtoto mdogo na njaa, nami namfahamu: nikigeuka tu atampa uji. Jirani yangu naye amenieleza kwamba nusu kaputi huwapumbaza watoto akili na kwamba wapo wasioamka. Tangu aniambie hivyo sina amani.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba mtoto tayari ana hofu. Siku alipolazwa katika hospitali moja ya hapa, wauguzi walimshika mikono na miguu wakimtafuta mshipa, mimi nikiwa nimetolewa nje, namsikia akiniita. Tangu siku hiyo akimwona mtu mwenye koti jeupe, hata muuza nyama wa buchani kwetu, hujificha nyuma ya gauni langu na kuning'ang'ania. Zaidi ya hayo, bibi yake alimfunga hirizi kiunoni, nami nimesikia kwamba vyuma haviruhusiwi kwenye chumba cha MRI. Sijui nianzie wapi kulisema jambo hilo.

Je, nimwambie mtoto ukweli? Dawa hiyo haitamdhuru ubongo ambao tayari una tatizo? Na asubuhi ile nifanye nini?

Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto kwa miaka mingi, naona umeuliza yale ambayo wazazi wengi huyaweka moyoni mpaka wakafika mlangoni pa chumba cha kipimo, wakati ambapo hakuna tena mtu mwenye nafasi ya kuwajibu.

Nianze na hofu iliyokunyima amani. MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio, wala haitumii mionzi kama ile ya eksirei au ya CT skani, kwa hiyo kipimo chenyewe hakimchomi mtoto wala hakimuumizi. Ugumu wake ni kwamba mashine hupiga picha nyingi kwa zamu, kazi inayoweza kuchukua nusu saa au zaidi, na kichwa kikisogea kidogo tu picha hutoka na ukungu. Mtoto wa miaka 4 hatuwezi kumdai utulivu wa namna hiyo. Ndiyo sababu ya dawa ya usingizi.

Kuhusu akili, jirani yako hakulibuni jambo hilo, ila amelifikisha kwako likiwa nusu. Mwaka 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za usingizi zikitumika kwa zaidi ya saa 3, au zikirudiwa mara nyingi, kwa watoto walio chini ya miaka 3, huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo. Upande wa pili, utafiti uliowafuatilia watoto 722 katika nchi 7, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, uliwalinganisha watoto waliofanyiwa upasuaji wa ngiri wangali wachanga: wengine walipewa nusu kaputi kwa muda usiofika saa moja kwa kawaida, wengine walitiwa ganzi tu huku wakiwa macho. Walipotimiza miaka 5 na kupimwa akili, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Mwanao ana miaka 4, na atalala kwa muda mfupi, mara moja. Degedege zinazojirudia bila chanzo chake kujulikana ndizo ambazo mimi, kama ningekuwa mzazi wake, zingenitia wasiwasi zaidi.

Sisemi kwamba dawa ya usingizi haina hatari. Hatari yake kubwa iko kwenye upumuaji, kwa maana dawa inayomlaza mtu huweza pia kuipunguza kasi ya pumzi yake, na kwa sababu hiyo mtoto hufungwa kwenye kidole kifaa chenye mwanga mwekundu kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo, naye mtaalamu wa usingizi humwangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Una haki ya kuuliza, kabla hujatia saini fomu ya ridhaa, ni nani atakayempa mtoto dawa, na ni nani ambaye kazi yake pekee itakuwa kuiangalia pumzi yake wakati wengine wanashughulika na picha. Uliza kwa adabu na usione aibu, kwani mtaalamu anayeijua kazi yake hulipenda swali hilo.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Mwambieni ukweli. Namwelewa baba yake, maana hakuna mzazi anayefurahia kumwona mtoto akilia siku mbili mapema, lakini njia ya mwongo ni fupi: hiyo ya bahari itaishia kwenye geti la hospitali, na kuanzia hapo mtoto hatakuwa na mtu mzima hata mmoja wa kumwamini, nanyi bado mna miaka ya kliniki mbele yenu. Kwa umri wake msimwambie wiki nzima kabla, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hajui kuzihesabu siku, atabaki akiuliza kila asubuhi kama ni leo. Jumatatu jioni au Jumanne asubuhi inatosha. Mwambie wakati ametulia na ameshiba, na usingoje saa ya kulala, asije akalala na jambo jipya kichwani.

Wazazi wengi hutumia nguvu zao zote kumwelezea mtoto mashine: lile tundu refu na zile kelele za kugongagonga. Hayo ni muhimu kwa mtoto mkubwa atakayeingia akiwa macho. Mwanao atakuwa amelala, hatazisikia kelele hizo, na hata akiwa amelala atazibwa masikio. Mambo atakayoyaona na kuyahisi ni mengine kabisa, yaani njaa ya asubuhi, watu wenye makoti, kuchomwa kanula mkononi, yaani kile kijibomba chembamba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, au kuwekewa kifuniko cha hewa usoni, kisha kuamka mahali asipopajua. Mwandae kwa hayo. Waweza kumwambia hivi: “Kesho tunakwenda hospitali ambako kuna mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Picha haiumi. Daktari atakupa dawa ya kukulaza mpaka picha iishe. Dawa inapita mkononi, na pale utasikia maumivu kidogo, kama mtu amekufinya. Ukitaka kulia, lia tu, mimi nitakuwa nimekushika.”

Angalia kwamba humo hamna ahadi ya kwamba hatachomwa sindano. Usiitoe ahadi hiyo hata akikuomba kwa machozi. Hata neno la kwamba utamshika, au kwamba akiamka atakukuta, ulitoe baada ya kupiga simu hospitali na kuhakikishiwa kwamba mzazi huruhusiwa kukaa na mtoto mpaka asinzie, na kwamba huitwa anapoanza kuamka. Hospitali nyingine huruhusu, nyingine zina utaratibu tofauti. Wakikwambia hutaruhusiwa kuingia, mweleze hivyo hivyo: mama atakaa kwenye benchi nje ya mlango, na nesi atakuleta kwake. Mweleze pia kwamba usingizi wa dawa si kama wa usiku, unakuja kwa dawa tu na unaondoka dawa inapoisha, ili asije akaogopa kupanda kitandani mwake usiku unaofuata.

Mchezo humfunza mtoto kuliko maneno yetu. Mchukue mdoli, au hata kijitambaa ulichokifunga kichwa na mikono, umpe mwanao kipande cha plasta amfunge mgonjwa wake mkononi, amwambie maneno yale uliyomwambia wewe, amlaze chini ya stuli iliyofunikwa khanga, kisha amwamshe na kumpa maji. Mwache yeye awe daktari. Utashangaa atakavyomkemea mgonjwa wake au atakavyombembeleza, na kwa kumsikiliza tu utajua ni kipi hasa kinachomwogopesha. Na kuanzia leo, mtu yeyote hapo nyumbani asimtishe kwamba akikataa kula au akilia ataitiwa daktari amchome sindano. Tumeizoea mno kauli hiyo majumbani mwetu, nayo ndiyo inayowatengeneza watoto wanaolikimbia koti jeupe.

Yaliyompata alipolazwa nayasikitikia sana, na sioni sababu ya kuyarudia. Mkifika, mwambie muuguzi wa kwanza mtakayekutana naye, kabla mtoto hajaguswa, kwamba aliwahi kushikwa kwa nguvu na bado ana hofu. Omba akae mapajani pako, kifua chake kikiwa kimeelekea chako, ukimkumbatia huku mkono mmoja umetolewa pembeni kwa ajili ya kanula, kwa maana mtoto aliyelazwa chali na kushikwa na watu wazima hujiona ameshambuliwa, ilhali aliyekumbatiwa na mama yake hujiona ameshikiliwa. Uliza kama wana dawa ya ganzi ya kupaka, ambayo hupakwa kwenye ngozi takriban saa moja kabla ya sindano. Si kila hospitali inayo, ndiyo maana ni vizuri kuuliza mapema. Uliza vilevile kama wanaweza kuanza na dawa ya kunywa au ya hewa, ili kanula iwekwe akiwa amekwisha kusinzia.

Suala la chakula ndilo ninalokuomba ulishike kwa mikono miwili. Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa, na kile kilichokosea njia kikatoka. Mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa namna hiyo, kwa hiyo kama tumboni mna uji au maziwa na vikapanda hadi kooni, vinaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta madhara makubwa. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni kwamba chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe husimamishwa saa 6 kabla ya dawa, maziwa ya mama saa 4, na maji safi saa 2. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi kama maji, na juisi ya embe au supu haihesabiwi kuwa maji. Pipi na jojo navyo visiwepo mfukoni mwa mtu yeyote.

Karatasi yako imesema saa 6 usiku, nawe lifuate agizo hilo. Hata hivyo piga simu uulize mambo mawili: kama katazo hilo linahusu maji pia, kwa kuwa mara nyingi mtoto huweza kuruhusiwa kunywa maji safi mpaka saa 2 asubuhi ikiwa dawa atapewa saa 4, na kama kuna uwezekano wa kuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu ya umri wake. Usijipangie mwenyewe bila kuuliza. Katika simu hiyo hiyo uliza kuhusu fenobabitoni. Kama ana dozi inayoangukia asubuhi ile, madaktari wengi hutaka aimeze kwa funda moja la maji badala ya kuiruka, kwa maana kuruka dozi kunaweza kuleta degedege siku hiyo hiyo, lakini ni lazima wao waseme, na mtaalamu wa usingizi ajue jina la dawa na kiasi anachotumia, kwani dawa hiyo nayo huleta usingizi.

Mama mkwe msimzunguke. Kaa naye, mweleze habari ya kupaliwa kama nilivyoieleza hapa, na umpe kazi: yeye ndiye apike chakula cha Jumanne kabla hamjasafiri, kile mtoto anachokipenda, na ahakikishe ameshiba. Bibi aliyekabidhiwa ulinzi wa mjukuu haibi uji jikoni. Na ikitokea, pamoja na yote hayo, mtoto amekula, hata kama ni kipande cha mkate alichookota sakafuni, waambieni hospitali. Wazazi wengi hulificha jambo hilo, kama wanavyoficha kikohozi na mafua, kwa sababu wamekwisha kulipa nauli na wamengoja miadi kwa muda mrefu. Kuahirishiwa kunauma, nalijua hilo. Lakini mafua na kikohozi huziacha njia za hewa zikiwa na ukereketaji hata baada ya mtoto kuonekana amepona, na dawa ya usingizi juu yake huongeza uwezekano wa njia hizo kubana. Akianza kukohoa au kupata homa Jumapili, piga simu Jumatatu. Taja pia kama anakoroma sana usiku, kama ana pumu, selimundu au mzio, kama ana jino linalotikisika, na kama anapewa dawa zozote za mitishamba.

Hirizi izungumzwe nyumbani, si mlangoni pa chumba cha kipimo. Nyingine hushonwa kwa ngozi au kitambaa tu, nyingine huwa na kijaluba cha bati, sindano au sarafu ndani yake, na hakuna awezaye kujua kwa kuitazama kwa nje. Sumaku ya MRI huwa inafanya kazi muda wote, hata pale picha haipigwi. Mwombe bibi yake mwenyewe aifungue na kuitunza mpaka mtoto atoke, jambo ambalo naamini atalipokea vizuri kuliko kuona inakatwa kwa mkasi na mtu asiyemjua. Mvue pia bangili na cheni, na mvalishe nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma. Kama kuna aliyempaka wanja, uoshwe. Wewe nawe, ukiruhusiwa kuingia, utaacha simu, funguo na pini za mtandio nje, na utaulizwa kama una kifaa chochote mwilini au kama ni mjamzito; jibu yote kwa ukweli.

Kwa usafiri, nendeni Dar es Salaam Jumanne mkalale kwa ndugu, hata kama mnaweza kuwahi kwa basi la alfajiri au treni. Mtoto mwenye degedege asipolala vya kutosha huwa karibu zaidi na kupatwa nazo. Wasafiri watu wazima wawili, mmoja wa kumbeba mtoto na mwingine wa kushughulika na dirisha la malipo na makaratasi. Kama mnatumia bima, ulizeni mapema kama imekubali gharama ya kipimo na ya dawa ya usingizi pia.

Baada ya kipimo, usishtuke akiamka analia kwa hasira, akikusukuma au akiongea asiyoyajua. Dawa ndiyo inayosema, na mara nyingi hupita ndani ya nusu saa ukimshika kwa utulivu na kupunguza kelele na maswali. Wauguzi wakiruhusu, mwanzishie maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi. Akitapika mara moja, subirini kidogo mjaribu tena. Siku hiyo atayumba akitembea, kwa hiyo ngazi, baiskeli na kucheza majini viwe marufuku mpaka kesho yake, na asipandishwe bodaboda. Garini akisinzia, mtu akae kando yake na kuhakikisha kidevu hakilali kifuani, kwa sababu shingo ikipinda hivyo hewa hubanwa. Msirudi Morogoro siku hiyo hiyo. Mrudishe hospitali mara moja ukiona haamki unapomwamsha, anapumua kwa shida, anatapika mfululizo, au ulimi na sehemu ya ndani ya midomo vimebadilika rangi na kuelekea bluu. Kwa watoto wetu usiangalie ngozi ya usoni, angalia humo mdomoni. Uliza pia kabla ya kutoka ufanye nini akipatwa na degedege usiku huo.

Majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, kwa sababu lazima daktari bingwa azisome picha. Omba nakala ya picha zenyewe pamoja na ripoti, uzitunze kwenye faili lake. Na ikiwa ripoti itasema kwamba ubongo unaonekana wa kawaida, msiisimamishe fenobabitoni kwa furaha ya habari hiyo: watoto wengi wenye kifafa hupata picha isiyo na kasoro yoyote, na daktari aliyeandika dawa ndiye mwenye kuamua ni lini ipunguzwe na kwa kiasi gani.